Nilivyompeleka Bwana Haraka Faza

Haya, mmeshinda. Tangu nirudi nimeketi kwenye cherehani yangu masikio matupu, na kila mmoja wenu amenipitia na swali lake. Salma, simu iko wapi? Umeibiwa? Mwajuma yeye alidhani nimeweka nadhiri. Basi nawaandikia mara moja, karatasi mpokezane, ili nisiisimulie habari hii mara saba huku napinda mapazia ya watu.

Mwanijua. Miaka sita sasa nashona huku nasikiliza vitabu, na wasomaji nimewasikia wa kila namna. Yuko anayenong'ona kama anayekuuzia dhahabu ya wizi. Yuko anayebana pua kila mwanamke anaposema, utadhani wanawake wote tumezaliwa na mafua. Yuko aliyetiliwa muziki chini ya sauti mwanzo mpaka mwisho, hata mtu akisomewa hukumu kinanda kinalia tu. Na ile sauti ya mashine ndiyo balaa kabisa, kwa sababu "Sura ya nne" na "Mama, nakufa" kwake ni mamoja.

Halafu kuna Bwana Haraka. Jina lake la haki silijui, hilo nimempa mimi. Sauti anayo, tena nzuri, na maneno huyatamka yakakaa. Lakini hukimbia! Hasomi, anakimbizwa. Nukta haijui, mkato haujui, mtu wa kitabuni hajamaliza kulia yeye keshafika sokoni. Mara ngapi nimempigia kelele hapa karakana nanyi mkacheka? Ila ndiye aliyesoma kitabu kirefu cha yule mjane wa pwani anayegombania minazi ya marehemu mumewe, na kitabu kile ndicho nilichokitaka kwa Shangazi.

Shangazi yangu Bi Zena, dada yake baba, ndiye aliyenilea Faza, visiwani kwetu, baada ya mama kufariki. Alikuwa msomaji wa mtaa. Kila alasiri wanawake walikuja na kofia zao za kushona kwa mkono, wakakaa kwenye mkeka, naye akawasomea kitabu. Mapenzi yangu ya vitabu yote yametoka kwenye mkeka ule. Sasa macho yake yameingia giza, mwaka wa pili huu, na daktari kasema basi. Nilikuwa nampigia kwa simu ya jirani yake, Bi Rukia, ananijibu "alhamdulillahi" kisha anamrudishia mwenyewe. Mwezi uliopita Bi Rukia akaniambia wazi niende: "Ndoo umuone. Giza la mato amelizoea. Lakini hatoki, hali, hasemi. Ukikawia utakuta tumemzika na kimya chake."

Nikasema mimi nitamrudishia vitabu vyake. Nikatia vitabu sita kwenye simu, nikanunua na kispika kidogo cha duara chenye kitufe cha mpira juu, nikapanda basi. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba najua kinachomuuma.

Mombasa hadi Mokowe: nafiwa ndani ya basi

Nilikaa na mama mmoja wa Witu, mnene, mkunjufu, na jiko jipya la makaa mapajani. Alitaka mazungumzo. Mimi nikatia visikizio, kwa sababu nilitaka kukisikiliza kitabu cha mjane mara ya pili nihakikishe hakina neno la kumtia Shangazi huzuni. Uungwana kidogo ningekuwa nao siku ile, yaliyofuata yasingenipata.

Tulipopita Malindi tukafika sura ya tatu, mume anapokufa. Mwandishi wa watu kaitengeneza sura ile taratibu, kama mtu anayefunua kitambaa juu ya maiti. Bwana Haraka akaisoma hivi, kwa pumzi moja: akaangukaakafamajiraniwakajawakaletamaji. Nikashindwa. Nikatoka na sauti, "Amekufa! Lahaula, amekufa, nawe wasema hivyo tu!" Na machozi yakanitoka, ya hasira, wallahi.

Mama wa Witu akaliweka jiko chini. Akanishika kichwa akakilaza kifuani pake. "Inna lillahi," akasema, kisha akainua sauti: "Jamani, dada huyu kapigiwa simu sasa hivi. Kafiwa na mumewe!"

Ebo! Basi zima likageuka. Nikamwambia, "La, mama, ni wa kitabuni." Akanipapasa mgongo. "Ndio, ndio. Mwanzo mtu huchanganyikiwa." Mzee mmoja wa kiti cha mbele, mwenye kanzu na miwani, akasimama akishikilia chuma, akasema tumwombee dua marehemu. Akauliza jina lake. Watu wananitazama. Nikasema, "Kassimu." Ndilo jina la kitabuni.

"Kassimu bin nani?"

Sasa hapo mniambie, ningejibu nini? Jina la babake limo kitabuni, nalijua limo, lakini Bwana Haraka kalipita mbio sikulishika. Nikatikisa kichwa. Yule mama akasema, "Mwacheni, hata jina la mkwewe limemtoka kwa uchungu." Ikasomwa dua, nami nikaitikia amina pamoja na wenzangu, Mungu anisamehe.

Tokea hapo nilikuwa mfiwa rasmi. Kila kizuizi cha polisi abiria wote walishuka kukaguliwa, mimi napishwa mbele. Minjila, basi lilipokaa saa mbili kwa pancha, nililetewa chai ya maziwa na chapati mbili na kuambiwa nile nipate nguvu za kulia. Na visikizio sikuthubutu kuvitia tena. Mke gani anasikiliza simu mumewe hajazikwa? Kutoka Minjila mpaka Witu nilikaa nimeinamisha kichwa nikasikia habari za wafu wa Witu wote, mmoja mmoja.

Mokowe hadi Amu: kituo cha godoro

Hapa sina mengi. Gatini Mokowe watu watatu waliushika mkoba wangu kwa wakati mmoja, kila mmoja akiuvutia boti yake, nami katikati kama nguo inayokamuliwa. Tukavuka. Kisiwani Amu nikalala kwa binamu, nikala mkate wa mofa na samaki wa kukaanga, nikanunua halua ya Shangazi.

Boti ya Faza niliambiwa inatoka baada ya alfajiri. Baada ya alfajiri nikaambiwa inangoja maji yajae. Maji yakajaa. Nikaambiwa sasa inangoja godoro. Godoro la nani? La bwana harusi wa Kizingitini. Bwana harusi hayupo, godoro halipo, sote tumekaa jua linatupiga, na nahodha anakunywa kahawa. Nikamwambia, "Nahodha, maji yale hayatungoji." Akasema, "Bi, usijali, ndia naijua." Njia aijua, saa haijui. Godoro lilikuja saa nne, kubwa kama chumba, likalazwa katikati ya boti na sisi tukakaa pembeni pembeni.

Mkanda: maji yanatukimbia

Mwenye kujua Mkanda anajua. Ni mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku, na maji yakitoka haupitiki. Tulifika yameshatoka. Boti ikakwaruza mchanga mara moja, mara ya pili ikakaa. Nahodha akazima mashine akatuambia, bila haya usoni, "Mpaka maji yarudi." Saa tatu nzima! Nilimtazama yeye, nikalitazama godoro, nikamwomba Mungu subira.

Nikatia kitabu. Ubavuni mwangu alikaa Bwana Athmani, fundi wa Matondoni, anakwenda Faza kuziba mashua ya mtu. Akauliza nasikiliza nini. Nikamwambia kitabu. "Kitabu husikilizwa?" Akaniomba nikitoe nje na wao wasikie, maana hapa hakuna kazi. Kwa kuwa basini nilikuwa nimejifunza adabu, nikatoa kispika, nikakiweka juu ya godoro, nikaanza kitabu mwanzo.

Wakasogea wote. Bwana Haraka akasoma kuhusu shamba, minazi arubaini, mume na mke wanagombana juu ya mpaka. Bwana Athmani akainua mkono. "Hebu mwambie arudie hapo. Huo mpaka uko upande wa kisima au wa ndia?"

"Hawezi kurudia, bwana. Ni sauti tu."

"Basi angoje kidogo tuelewane."

"Hangoji."

"Hangoji? Kwani anaswaga punda?"

Mwanamke mmoja nyuma yake, mwenye kikapu cha mahamri, akawa kila kipande kikiisha anaitikia polepole, "Twaibu," yaani vyema, nimesikia. Na kila akisema twaibu, Bwana Haraka keshafika mbali. Akajaribu mara nne. Mara ya tano akanigeukia mimi, kakasirika kweli. "Huyu ndugu yako hana malezi. Mtu amwitikia, naye apita!"

Nikashtuka, maana neno lile la twaibu lilikuwa na miaka thelathini sijalisikia. Kwetu Faza msomaji haendelei mpaka aitikiwe. Wanawake wale wa kofia walikuwa wanahesabu vitundu vya mshono, na ukikosea kimoja kofia nzima yaenda upande. Kwa hivyo Shangazi alisoma kipande, akanyamaza, akangoja. Kila mmoja sindano yake ilipopita alisema twaibu, na wa mwisho akishasema ndipo Shangazi anafungua mdomo tena. Mwenye swali, huliuliza hapo. Mwenye uzi uliokatika, hungojewa. Nilikumbuka nikaona ni jambo zuri la zamani, nikaliacha lipite. Laiti ningelishika, ningejiepusha na aibu ya kesho yake.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilianza kumtetea. Mimi! Niliyemtukana miaka miwili! "Kijana anasoma vizuri tu," nikawaambia, "nyinyi ndio wazito." Bwana Athmani akacheka mpaka akashika godoro. "Bi, hata nahodha huyu aliyetupweleza hungoja abiria aketi ndipo aondoe boti." Nahodha akasema twaibu, boti nzima ikaangua kicheko, na yule mwanamke akatugawia mahamri.

Maji yakarudi alasiri.

Faza: Shangazi angoja

Shangazi alinipokea kwa kunipapasa uso, akasema nimekonda, jambo ambalo nyote mwajua ni uongo. Yeye ndiye aliyekonda. Bi Rukia alikuwa ametuletea wali wa nazi na samaki wa kupaka, kauacha mlangoni, kaondoka. Shangazi akala tonge mbili akasukuma sahani. Vitabu vyake nilivikuta sandukuni, sanduku limefungwa, juu yake kumewekwa mtungi.

Asubuhi nikamtia visikizio masikioni, nikabonyeza. Akaruka! Akavuta leso akajifunika kichwa chote. "Salma! Mwanamume huyu nani? Mbona yu ndani ya kitwa changu?"

Haya, nikavitoa, nikatoa kispika, nikakiweka mkekani mbele yake. Nikamweleza: ni msomaji, ni kitabu, ni kizuri. Akasema bismillahi, akakunja mikono. Bwana Haraka akaanza. Mwisho wa kipande cha kwanza Shangazi akasema, "Twaibu." Kisha akanyamaza kabisa. Uso umetulia. Nusu saa nzima ametulia vile, nami nimekaa kando najisifu moyoni kwamba nimemtibu, naona atakula mchana, naona mwakani atakuwa kamaliza vitabu vyote sita.

"Waonaje, Shangazi?"

"Nangoja."

"Wangoja nini?"

"Anyamaze, niitikie, ndipo aanze tena."

"Ameanza kitambo! Yuko sura ya pili!"

"Alianza, nikamwitikia, akanipita. Sikumpa ruhusa tena. Asomaye bila kuitikiwa asomea ukuta."

Wenzangu, nilipasuka. Nilimwambia habari ya basi, ya dua ya marehemu asiyekuwapo, ya mchanga wa Mkanda, na godoro, siku mbili njiani, yote kwa ajili yake, naye anamngoja kijana wa ndani ya chuma! Nikasema, "Nimekuletea vitabu, Shangazi, vitabu, ulivyovipoteza!"

Akasema taratibu, "Nani alokwambia nimepoteza vitabu? Waitikiao ndio walonichoka." Akageukia ukutani.

Nilitoka nikilia, safari hii kwa haki, nikaingia jikoni kwa Bi Rukia. Alikuwa anakoroga mchuzi. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini wanamwekea mtu chakula mlangoni kama paka. Akainamisha kichwa. "Twamuonea haya, Salma. Twende na kofia zetu tukae mbele yake, atusomee kwa mato gani? Itakuwa twamcheka. Nae hatujamsikia kutwita. Twadhani ametufukuza."

"Amewafukuza? Yeye adhani mmemchoka!"

Bi Rukia akaweka mwiko chini. "Sisi?" akasema. "Sisi tumchoke Bi Zena?"

Miaka miwili! Kati ya nyumba hizo mbili pana ukuta mmoja, na mtu akitwanga huku unasikia kule. Shangazi anasubiri aitikiwe, wao wanasubiri waitwe, kila upande umekaa na adabu yake. Hakuna watu duniani wanaoweza kuuana kwa adabu kama sisi. Na mimi nikaja na spika.

Alasiri walikuja wanne, na kofia zao. Shangazi alisikia makubadhi yao mlangoni akakaa wima. "Nani?"

"Ni sisi," akasema Bi Rukia.

"Mwataka nini?"

"Twataka kusomewa."

Shangazi akapapasa mkeka mbele yake, hakuna kitabu. Nikapiga magoti, nikamtia kispika mkononi, nikakishika kidole gumba chake nikakiweka juu ya kile kitufe cha mpira. "Hapa," nikamwambia. "Ukibonyeza, ananyamaza. Ukibonyeza tena, anaendelea. Bila ya ruhusa yako hasemi neno."

Akabonyeza. Bwana Haraka akatoka mbio kama kawaida yake, shamba, minazi, kisima, mke akatoka mlangoni akaona... Shangazi akabonyeza.

Tangu nimjue kijana yule, ndio mara ya kwanza kumsikia amenyamazishwa.

"Akaona nini?" akauliza Bi Rukia.

"Atangoja," akasema Shangazi. "Twaibu?"

"Twaibu," wakasema. Mmoja akasema, "Subiri, Bi Zena, uzi wangu umekatika." Tukasubiri. Sindano ikatiwa uzi, twaibu ya mwisho ikasemwa, kidole kikashuka, na Bwana Haraka akaruhusiwa kutuambia alichokiona yule mke.

Walipofika kifo cha mume, alasiri ya pili, kijana akafanya yaleyale: akaangukaakafa. Shangazi akambana. "Kijana, hapa si pa kupita hivyo." Akainua uso wake na macho yale yasiyoona, akayarudia maneno yenyewe, kwa sauti niliyolelewa nayo. Akaanguka. Akafa. Majirani wakaja. Wakaleta maji. Sindano zote zilisimama, na Bi Rukia akajifuta machozi kwa kofia ya mume wa watu.

Jioni ile Shangazi alimaliza sahani, akauliza kama mchuzi umebaki.

Kurudi

Sasa mwajua simu iko wapi. Spika bila simu ni kopo tu, na vitabu vyote sita vimo simuni. Bi Rukia ndiye anayeitia chaji na kufungua sura. Nilirudi mikono mitupu, na kutoka Mokowe abiria wa pembeni alinisimulia ugonjwa wa ng'ombe wake mpaka Minjila. Zamani ningemzibia masikio. Safari hii nilijikuta kila akipumua nasema twaibu, na kusema kweli ng'ombe yule nilimhurumia.

Kuhusu wasomaji sijabadilika, msije mkasema nimelainika. Anayebana pua bado namchukia. Na Bwana Haraka bado ni Bwana Haraka, ila sasa ana mkubwa wake.

Jana, Mwajuma, nilipokuomba simu yako nikajifungia chumba cha vitambaa, nilikuwa naipigia simu yangu mwenyewe. Nilitaka kumjulia Shangazi hali. Ikalia, ikapokewa, na nikasikia sauti yake ya karibu kabisa, yenye ukali. Kumbe alibonyeza kitufe ili kijana aendelee, akanipata mimi.

"Nani?"

"Ni mimi, Shangazi, Salma. Assalam alaykum. Nilitaka kujua..."

"Waalaykum salaam. Salma, twasoma."

Nyuma nikamsikia Bi Rukia akiuliza nani huyo anayewakatiza, na wanawake wengine, zaidi ya wanne, wakisema aambiwe angoje.

"Shangazi, nakuuliza tu, chakula wala? Na usiku walal..."

Akabonyeza kitufe, nikakatwa katikati ya neno.